Kutafuta Damu ya Jovina

Asubuhi ile Jovina alimwamsha mumewe kwa kumvuta kidole gumba cha mguu, kama alivyomwamsha tangu walipooana.

"Baba Angela, jua limekutangulia."

"Jua halina mgongo," Felisiani alisema, akajifunika tena.

"Mgongo wangu mbona umeshaamka? Toka huko."

Walikunywa uji wa ulezi bila sukari. Sukari ilikuwapo, ila Jovina aliiweka kwa ajili ya wageni, na wageni wenyewe hawakuja. Kisha wakashika majembe wakaenda shambani, nje kidogo ya kijiji cha Mpui. Mvua ilikuwa imetulia. Ulikuwa wakati wa kuinua matuta ya mviringo, yale ambayo majani hufukiwa ndani yaoze yawe mbolea ya mwaka unaofuata. Felisiani alikata majani na kuyarundika. Jovina aliyafunika kwa udongo, taratibu, kama anayemfunika mtoto, halafu akakandamiza juu kwa unyayo mara moja, basi.

"Hili ulilorundika wewe limelala upande," alisema. "Limelewa?"

"Lirekebishe."

"Nalirekebisha. Miaka yote nakurekebishia."

Jua lilipopanda akaenda mtoni kuchota maji ya kunywa. Akakawia. Felisiani alimfuata akiwa na hasira kidogo, kwa kuwa kiu ilimkamata. Akamkuta amepiga magoti ukingoni, akadhani ananawa uso. Alipokaribia akaona yale majani mbele yake yamekuwa mekundu.

"Nimetapika," Jovina alisema, kana kwamba anaomba radhi.

Majirani walimfikisha Sumbawanga kwa gari la mahindi. Daktari alisema ni kidonda cha tumbo, cha siku nyingi, kimepasua mshipa. Siku nyingi! Na Jovina hakuwahi kusema tumbo linamuuma. Alikuwa akisema, "Nimeshiba," akamsogezea mumewe sahani.

Siku ya pili muuguzi, dada mpole, akamwita Felisiani pembeni.

"Baba, shikamoo. Mama amepungukiwa damu sana. Kundi lake ni O hasi, wenye kundi hilo ni wachache. Hapa imekwisha, tumeagiza Mbeya, itafika kesho. Ukipata mtu leo, mlete leo."

"Chukueni yangu."

"Umri wako hauruhusu, baba."

"Mimi nalima bado."

"Najua, baba. Haturuhusu."

Vijana wawili wa Mpui walikuwa wamekuja, wakapimwa, zao hazikufanana. Angela, binti pekee, alikuwa Mpanda, kajifungua juzi. Hapakuwa na mwingine. Felisiani alitoka akaenda kwenye banda la nyuma ya wodi, pale ndugu wa wagonjwa wanapopikia, akakaa juu ya jiwe.

Bandani alikuwa amepata marafiki wawili. Urafiki wa pale huanza kwa kuazimana chumvi. Mmoja ni Coleta, mwanamke wa Izia, aliyekuwa anamuuguza mkwewe, mwenye mdomo usiopumzika. Wa pili ni Hamduni, mfanyabiashara wa migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kirando, ambaye kaka yake alivunjika mguu. Walimwona Felisiani hashiki kijiko, wakamuuliza. Akawaambia.

"Mji mzima huu!" Coleta alisema. "Tukose mtu mmoja? Inuka, mzee. Twende tukamtafute."

"Mimi mji wenu naujua soko la samaki na msikiti tu," Hamduni alisema. "Lakini miguu ninayo."

Felisiani naye mji aliujua kidogo: stendi, soko, na sasa hospitali. Aliingia wodini kwanza. Jovina alikuwa amefumba macho, midomo imekuwa rangi ya majivu.

"Mama Angela, natembea kidogo. Nakuja."

Jovina aliinua kidole kimoja kutoka kwenye shuka, akakishusha.

Wakatoka watatu. Upepo wa uwanda wa juu ulikuwa baridi, barabara ina tope, bodaboda zinawarushia maji. Coleta mbele, Hamduni katikati, Felisiani nyuma, akichechemea kwa kuwa ndala zake hazikulingana. Walipoingia mtaa wa Katandala, Coleta alisema anapita dukani kwa mtu anayefahamiana naye, ampe mwanga wa pa kuanzia.

"Nyinyi nisubirini hapa. Msiende popote."

Felisiani hakuweza kusubiri. Kila dakika aliona ile midomo. Akaiona nyumba ya jirani, mlango wazi, mama kijana barazani anachambua maharage, mtoto mgongoni. Akaenda. Akafanya kama inavyofanywa Mpui mtu akiwa na shida kubwa: alichuchumaa mbali kidogo, akapiga makofi ya polepole, akasalimu. Akauliza habari ya nyumba. Akauliza habari ya watoto. Akauliza kama mahindi ya mwaka huu yanaendelea vizuri. Mama yule alijibu yote kwa adabu. Hapo Felisiani akaona sasa ni halali kusema.

"Mwanangu, nimekuja kuomba damu."

"Kuomba nini, baba?"

"Damu. Kidogo tu. Kama wewe huwezi, hata ya mmoja wa watoto, yule mkubwa."

Ungo ulianguka. Maharage yakatapakaa barazani.

"Mumiani!" mama yule alipiga kelele. "Jamani, mumiani! Anataka damu ya mwanangu!"

Watu wakatoka kama siafu. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakafika kwa mbio, mmoja ameshika kipande cha tofali. Felisiani bado amechuchumaa.

"Mzee, umetoka wapi?"

"Mpui."

"Unataka damu ya nani?"

"Ya yeyote."

"Mmesikia? Ya yeyote! Kakiri mwenyewe!"

"Sumbawanga hii, mshikaji, usicheze na wazee," mwingine alisema, akirudi nyuma hatua.

Felisiani hakuelewa wamekasirikia nini. Alichofikiri ni kimoja: wakinipiga hapa, nani atarudi kwa Jovina?

Hamduni ndiye aliyejipenyeza katikati, mikono juu.

"Jamani, mtazameni vizuri! Mumiani gani huyu? Tazameni miguuni. Ndala moja ya kiume, moja ya kike. Mumiani anakosa hela ya ndala?"

Watu walitazama. Ni kweli. Siku ile walipombeba Jovina, Felisiani alipita mbio nyumbani, akavaa gizani mwa chumba kilichokuja mguuni, na hakupata nafasi ya kubadilisha. Mguu wa kushoto alivaa ndala ya mkewe, kisigino chake kikining'inia nje. Mtu mmoja alicheka. Mwingine akafuata. Yule wa tofali akaliweka chini.

Coleta alifika akihema.

"Nimegeuka kidogo tu! Kidogo tu! Ni damu ya hospitali, nyie watu, ya kutolewa kwa sindano! Mke wake yuko wodini anakwisha! Na wewe, mzee, mbona hukuanza na hospitali?"

"Nilianza na salamu," Felisiani alisema.

Mama yule, jina lake Rhoda, aliinama kuokota maharage ili asionekane uso. Baada ya kitambo akaja na kigoda, akamkalisha Felisiani.

"Nisamehe, baba. Mimi nanyonyesha, hawatakubali. Huyo mama ni mtu wa namna gani?"

Felisiani hakuwahi kuulizwa hivyo. Alitafuta. Mtu wa namna gani? Ni Jovina.

"Akipanga kuni," alisema mwishowe, "anazipanga kwa urefu. Ndefu na ndefu, fupi na fupi. Mimi nachota zozote nazivuruga. Anazipanga upya."

Rhoda akafuta macho kwa kanga.

Kutoka hapo Coleta ndiye aliyekuwa msemaji, na Felisiani aliamriwa kunyamaza. Wakapita saluni, wakapita kwa mafundi cherehani, wakapita sokoni kwenye marundo ya viazi na maharage. Wengi waliwahurumia. Wengi hawakujua kundi lao. Mwuza mitumba mmoja alisema yake ni B. Fundi baiskeli alisema aliambiwa zamani, kasahau, labda A, labda O, kwani zinatofautiana nini? Kwenye kijiwe kimoja kijana aliyelegea kwa gongo alijitolea kwa moyo wote.

"Chukua yangu, babu! Bibi ataamka anacheza singeli!"

"Yako tukiiwekea kibiriti inawaka," Coleta alimjibu. Hamduni alicheka mpaka akashika mti. Felisiani naye alicheka, halafu akajisikia vibaya, akatazama upande wa hospitali. Hakujua tena iko upande gani.

Njiani walimdodosa habari za mkewe, ili asilie. Akawaambia vipande vipande. Kwamba alimwoa akiwa binti anayebeba madebe mawili ya maji bila kumwaga. Kwamba walizaa watoto wanne, wakazika watatu, na baada ya wa tatu Jovina alikaa kimya msimu mzima, halafu siku moja akaamka, akafagia uwanja, akasema, "Haya, tulime." Kwamba kanisani alikaa benchi la mwisho ili wachelewaji wasione haya. Kwamba ulezi wake haukuwahi kuwa na mchanga.

"Hata chembe?" Hamduni aliuliza. "Samaki wangu wana mchanga kila siku, wateja wananitukana."

"Hata chembe."

Jua lilikuwa limeanza kuelekea milimani. Miguu ya Felisiani ilivimba. Mara mbili alisema arudi, na mara mbili Coleta alimwambia, "Urudi na nini? Mikono mitupu?" Neno hilo lilimfunga. Akaendelea.

Walimpata pembeni mwa Izia, kwa kuelekezwa na mwalimu mmoja. Polikarp, dereva wa bodaboda, alikuwa anaosha pikipiki yake mferejini. Shuleni alikuwa akitoa damu, na kila mara walimwambia yake ni adimu, O hasi.

Coleta alimweleza. Polikarp alisikiliza, akasugua tairi.

"Mama, mara ya mwisho nilizimia. Nilisema basi. Na jioni hii nina abiria."

"Ni chupa moja tu, mwanangu."

"Samahani sana. Sitaki."

Hamduni akaanza kubembeleza. Felisiani hakubembeleza. Alipiga magoti kwenye tope, mbele ya kijana anayelingana na mjukuu, akainamisha kichwa. Coleta akageuza uso, maana mzee kumpigia magoti mtoto ni jambo ambalo mtu hapendi kuliona.

"Mzee, usinifanyie hivyo!" Polikarp aliruka, akamshika mabega. "Simama! Unaniletea balaa! Simama, shikamoo, simama!"

Felisiani hakusimama.

"Haya, nakwenda! Panda pikipiki! Panda, mzee!"

Walipofika, taa za wodi zilikuwa zimeshawashwa. Polikarp alipimwa, ikafaa, akatoa, akazimia kidogo, akapewa soda. Damu ikatundikwa. Felisiani alikaa kwenye kiti cha plastiki akiangalia matone yanavyoteremka ndani ya ule mpira, moja, halafu jingine. Coleta na Hamduni walifika kwa miguu, wakachungulia dirishani, wakaenda kumpikia uji.

Rangi ilirudi kidogo kwenye midomo ya Jovina. Akafumbua macho. Akatazama tope kwenye magoti ya mumewe.

"Ulikuwa unalima?"

"Nilikuwa mjini."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Niambie."

Felisiani akamwambia. Habari ya Rhoda na maharage, habari ya mumiani, habari ya ndala. Pale kwenye ndala Jovina alianza kucheka, tumbo likamuuma, akashika tumbo, akaendelea kucheka bila sauti, machozi yakimtoka. Muuguzi alikuja kuwakemea kwa upole. Felisiani alikuwa na furaha ya mtu aliyerudi na alichotumwa. Alifikiri: kesho naondoka mapema zaidi, nimtafute wa pili.

Akamwambia hivyo.

Damu ya Mbeya ilifika siku iliyofuata, asubuhi, ndani ya kisanduku chenye barafu. Muuguzi alipita nayo mbele ya Felisiani, akasimama, akakosa pa kuiweka. Jovina alikuwa amefunikwa shuka tangu alfajiri. Kidonda kilifunguka tena wakati mumewe anasinzia kitini, na damu ya Polikarp ikatokea palepale mauti yalipoingilia.

Coleta alifunga mizigo. Hamduni alinunua sanda, akakataa kuulizwa bei. Wote wawili walimwambia Felisiani kwamba alifanya yote, kwamba hakuna mume ambaye angefanya zaidi. Alisikia. Siku ya mwisho ya Jovina yeye aliimaliza akijifunza mitaa ya Sumbawanga, na sasa anaijua. Anajua Katandala inapoanzia. Anajua njia ya mkato ya kwenda Izia. Akiulizwa Jovina alikuwa na sura gani mchana ule, saa zile jua liko kichwani, aliita nani, aliomba maji au la, hajui.

Anachojua ni cha jioni, baada ya kumwambia kwamba ataondoka mapema kumtafuta mtoaji wa pili. Jovina aliacha kucheka. Alimshika kidole kimoja, akasema hivi, na hapa halijaongezwa neno wala kupunguzwa:

"Baba Angela, kesho usiende popote. Kaa hapa nikuone."