Aliyetaka Kumnyonyesha Baba Yake

Usiniambie nilikuwa na njaa, au kwamba jua lilinipiga kichwani. Siku hiyo jua halikutoka kabisa, na githeri nilikuwa nimekula sahani mbili. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa saba mchana, watu wengine wakifanya kazi hatua chache tu kutoka pale nilipokuwa.

Kati ya Ruiru na Thika, nyuma ya mashamba ya kahawa, palikuwa na hospitali ya wazimu ya serikali. Ilikuwa na jina la Kizungu, lakini watu walisema tu "kule juu". Mtoto akikataa kulala anaambiwa atapelekwa kule juu. Mume na mke wakigombana, mmoja anaapa kwamba mwenzake atamfikisha kule juu. Kisha serikali ikaifunga. Wagonjwa wakapakiwa kwenye malori wakapelekwa Nairobi, na sisi vijana tukaandikwa kazi ya kubomoa. Mabati yalikuwa yaende kuezeka shule huko Murera, na milango ilikwisha kununuliwa na wenye maduka wa Gitothua.

Kazi yangu mimi ilikuwa kunyoosha misumari iliyotumika. Usicheke. Mkono unagonga, na kichwa kiko huru kwenda kinakotaka. Kichwa changu wakati huo kilikuwa kinajenga nyumba ya mawe yenye madirisha ya kioo, na ndani yake anapika mke ambaye mpaka sasa sijampata.

Nyapara wetu aliitwa Njuguna, mtu wa ndevu nyingi na koti refu, mkali wa mdomo tu. Wiki ile mke wake alikuwa amejifungua msichana, mtoto wao wa kwanza, na mtoto hakuwa na jina. Kwetu Wakikuyu jambo hilo halina mjadala: msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Hivyo ndivyo aliyekufa anavyorudi nyumbani. Asiye na mtoto wa kuitwa jina lake amepotea. Sasa shida ilikuwa kwamba Njuguna hakujua jina la mama yake. Baba yake alikwenda Rift Valley kutafuta kazi, akaoa huko, akanyamaza. Njuguna alilelewa Gatuanyaga na dada mkubwa wa mama yake, naye alimwambia tu kwamba mama alikufa zamani. Akiuliza zaidi, mama mkubwa analia, na nani anapenda kumliza aliyemlea? Jumapili mtoto alikuwa abatizwe, na wakwe walikwisha kuandaa jina la upande wao.

"Nyapara, mtoto anaitwaje leo?" Mutua aliuliza kila asubuhi. Huyo alikuwa Mkamba wetu wa kung'oa mabati.

"Anaitwa Fanya Kazi."

"Jina zuri. Na la pili?"

"Funga Mdomo."

Tulicheka, lakini mimi nilimwona Njuguna akigeuka kufuta macho. Alisema ni vumbi.

Ijumaa kulikuwa na manyunyu ya baridi. Nilitumwa wodi ya wanawake kuokota misumari sakafuni, maana paa lake tulikuwa tumeliondoa. Nikaingia nikipiga mluzi, na nikamkuta mwanamke amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele kama mama zetu wanapochambua maharagwe. Alivaa gauni la kijivu la hospitali. Alikuwa kama wa miaka ishirini na mitano hivi. Nikafikiri ni mgonjwa aliyetoroka Nairobi akarudi alikozoea, na kusema kweli nilimhurumia.

"Habari ya mchana, mama."

"Nzuri. Siku hizi baba yangu ana sauti kubwa."

Huko nje Njuguna alikuwa anamgombeza Mutua. Nikamuuliza, "Yule nyapara ndiye baba yako?"

"Ndiye. Nilimzaa mwenyewe."

Mtu mwingine angekimbia. Mimi hata miaka yao sikuihesabu; neno "baba" nililielewa hapo hapo, kwa sababu mama yangu pia humwita kaka yangu hivyo. Mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la baba ya mama yake, na mama humwita "baba" tangu anaponyonya. Hakuna anayeshangaa, labda mgeni.

Na mgeni ndiye aliyemharibia maisha. Alinieleza akicheka, kama mtu anayesimulia ujinga wa jirani. Mvulana wake wa kwanza alikuwa amechukuliwa na surua, akabaki huyu wa pili. Alikuwa anachuma kahawa kwa Mzungu mmoja, na mtoto amemwacha nyumbani kwa dada yake. Maziwa yakajaa, akaomba ruhusa aende, akanyimwa. Akaenda hivyo hivyo. Askari wa shamba wakamkamata njiani, akapigana nao, na akapelekwa mbele ya daktari na karani wa kutafsiri aliyetoka mbali.

"Wakaniuliza nakimbilia wapi. Nikasema, kumnyonyesha baba yangu."

"Wakasema nini?"

"Wakaniuliza baba ana umri gani. Nikasema miezi saba. Wakauliza kama ana meno. Nikasema ndiyo, mawili, na anauma sana." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kijana, yule daktari aliandika. Kila nikieleza vizuri zaidi, yeye anaandika zaidi."

Nilicheka naye, Mungu anisamehe. Ndipo nikaona kitu. Mimi nilikuwa nimelowa, maji yananichuruzika shingoni. Yeye gauni lake lilikuwa kavu, isipokuwa madoa mawili kifuani. Maziwa.

Je, wewe ungefanya nini?

"Mimi ni Nyokabi," akasema, na sasa hakucheka. "Hapa waliniandika namba. Jumapili wakimwita yule mtoto jina lingine, mimi nimebaki huku. Mwambie baba yangu."

Akasimama, akatoka kwa mlango. Nilisikia bawaba zikilia na komeo likianguka. Niamini, ndugu yangu, mlango ule ulikuwa Gitothua tangu Jumanne.

Sasa nenda ukamwambie nyapara kwamba umeongea na mama yake. Niliogopa kufukuzwa kazi kuliko nilivyomwogopa yule marehemu. Lakini nilienda, na Njuguna alinishika kola mbele ya watu.

"Nani amekutuma kunichezea?"

"Mama yako. Ni Nyokabi. Walimfunga kwa sababu alitaka kumnyonyesha baba yake wa miezi saba."

Akaiachia kola yangu. Akachukua baiskeli, akaelekea Gatuanyaga kwa mama yake mkubwa. Mutua papo hapo akajifanya nyapara, akatuamuru tupumzike.

Jumamosi Njuguna hakuja. Jumapili nilikuwa wa kwanza kanisani, nikasimama nyuma. Mchungaji alipouliza jina la mtoto, wakwe walisogea mbele tayari. Njuguna akamtazama mama yake mkubwa, naye akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka.

"Nyokabi," akasema.

Baadaye mama mkubwa alitueleza. Alifika kule juu mara mbili na mtoto mgongoni, akarudishwa getini. Mara ya tatu akaambiwa dada yake amekwisha kuzikwa. Akalificha jina ili kijana asiitwe mtoto wa mwendawazimu. Njuguna hakumlaumu. Alimpakata msichana wake, akamwita "Maitu", yaani mama, na sauti ile ya kugombeza Wakamba haikusikika kabisa.

Wodi tuliimaliza mwezi huo na yule mwanamke sikumwona tena. Mama mkubwa naye alifariki kabla ya mahindi kukomaa. Mimi nimebaki na tabia ambayo vijana wenzangu wa Ruiru wananicheka: nikikutana na mtu anayeongea peke yake njiani, nasimama, nasalimu, namuuliza jina. Wengine wamenitukana. Mmoja alinipa ndizi.

Nawe nakuonya. Kama kwenu kuna mtu ambaye wazee hunyamaza akitajwa, usingoje mpaka yeye mwenyewe aje kukutokea. Waulize leo, wakati anayelijua jina lake bado yuko hai.