Chapati ya Mwalimu Mbonde

Usiku ule, kama naruhusiwa kuuita usiku, ulianza saa nne asubuhi. Sisi watu wa zamu hatuulizi jua limefika wapi. Ukishafunga pazia na kuvua viatu, ni usiku. Nilirudi kutoka hospitalini nikiwa hoi, nikanywa uji nusu kikombe, nikajitupa kitandani na sare yangu ya bluu. Upande wa pili wa ukuta jirani yangu Mama Jeni alikuwa anachambua maharage huku akiimba. Nilisinzia kabla hajamaliza ubeti.

Lakini sikulala kwa amani, na sababu niiseme mapema. Mimi ni mtaalamu wa mionzi. Nakaa kwenye mitambo ya chumba kile ambamo daktari wa moyo hupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa wa mgonjwa, akiongozwa na picha za eksirei zinazotembea kwenye skrini. Akikanyaga pedali, mionzi inatoka na picha inaonekana. Kila zinapotimia dakika tano za mionzi, mtambo unalia kengele. Kazi yangu ni kuzitangaza dakika hizo kwa sauti, halafu ndipo nibonyeze kitufe cha kuinyamazisha kengele. Mimi nilikuwa nabonyeza tu. Daktari Massawe hapendi kelele, nami sipendi kukaripiwa, basi kidole gumba changu kilikuwa kimeshazoea kuimaliza kengele kabla haijalia mara ya pili.

Wiki tatu nyuma tulimlaza mezani Bi Tatu, mpishi wa pilau za harusi. Mshipa wake ulikuwa mkaidi, tukahangaika nao weee, mwishowe tukaahirisha. Kengele zilizolia siku ile hata sizijui idadi. Sasa alikuwa amerudi kulazwa, ajaribiwe tena kesho yake. Nilipopita wodini kuhakiki fomu zake, akageuka nimfunge kamba za gauni, nikaona mgongoni, chini ya bega, alama nyekundu ya mraba, ukubwa wa kiganja.

"Shuka zenu hizi," akasema, "mnafulia sabuni kali sana."

Nilijua si sabuni; mionzi yetu huingilia mgongoni, na ikiunguza huacha alama ya mraba. Nikasema, "Pole, bibi," nikafunga kamba. Kesho mionzi ingepita palepale, na ngozi iliyokwisha kuungua mara moja inaweza kuchimbika ikawa kidonda cha miezi. Niliona aibu, na aibu hiyo ndiyo niliyolala nayo.

Sikumbuki mlango kufunguliwa. Nakumbuka tu kwamba Mwalimu Mbonde alikuwa ameketi kwenye kiti changu cha plastiki, juu ya nguo nilizopaswa kuzipiga pasi. Huyu ndiye aliyetufundisha kazi chuoni, na mwaka uliopita tulimzika. Shada la darasa letu nililiweka mimi kwa mikono yangu. Alikuwa amevaa ile aproni nzito ya madini ya risasi tunayojikinga nayo, iliyomuumiza kiuno maisha yake yote, ila sasa anaipepea kama khanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bado unabonyeza?"

Nilikificha kidole changu chini ya shuka.

Katika uhai wake alikuwa mtu wa makelele yule. Kengele ikilia, yeye husimama na kutangaza, "Dakika tano, daktari!" kama mnadi wa mitumba siku ya gulio. Madaktari walinuna. Yeye huwachekea, akawaambia toa mguu, picha ya mwisho inabaki kwenye skrini, haikimbii. Sisi wanafunzi tulimwita Mzee Dakika Tano, na alijua, na alipenda.

Nataka kumwomba radhi, lakini kumbe hatuko chumbani tena. Tuko uani, kwenye shughuli ya harusi, masufuria makubwa yamepangwa juu ya mafiga na wanawake wanacheka mahali nisipopaona. Mwiko wa Bi Tatu umeegemezwa ukutani, mwenyewe hayupo. Mwalimu amechuchumaa mbele ya kikaango na aproni yake, anamimina mafuta, anatandaza chapati. Halafu ananisogezea kikaango.

Mama yangu alinionya tangu utotoni kwamba marehemu akikupa chakula ndotoni usile, utamfuata. Mle mle ndotoni nikalikumbuka onyo hilo, nikarudisha mikono nyuma.

"Nisamehe, Mwalimu, nimeshiba uji."

Akacheka mpaka machozi. "Nani kakwambia ule? Nakwambia ugeuze!"

Naangalia. Chapati imelala upande mmoja tangu iwekwe, na kwa chini imeanza kutoa moshi. Kando yake mfuniko wa sufuria unaanza kulia, na mlio wake ni ule ule wa mtambo wetu. Kidole gumba changu, kwa mazoea yake, kinakwenda chenyewe kuubonyeza unyamaze. Mwalimu ananishika kifundo cha mkono. Mkono wake una joto. Hilo sikulitegemea, na nikafurahi mno.

"Kengele hiyo, Rehema, haikulilii wewe. Inamlilia aliyelala."

Na aliyelala ni mimi. Nimelazwa mezani, taa usoni, nimefunikwa kitambaa cha kijani, na mgongo wangu una moto chini ya bega. Kengele inalia. Kwenye mitambo kakaa msichana mwenye misuko kama yangu, ananyoosha kidole gumba bila hata kutazama. Namwita, sauti haitoki. Mwalimu kasimama miguuni pangu, kakunja mikono, mashavu kayajaza hewa, kama alivyokuwa akisimama chumba cha mtihani akimngoja mtu akumbuke anachokijua.

"Sema," ananiambia.

Nikakusanya pumzi zote nilizonazo.

"Dakika tano, daktari!"

"Dakika tano za nini?" alijibu Mama Jeni kutoka ng'ambo ya ukuta. "Maharage haya yanataka saa mbili nzima!"

Nilikuwa nimekaa kitandani, jasho linanitoka, na kiti cha plastiki kina nguo tu. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kisha nikachukua simu kabla ushujaa haujapoa, nikampigia Daktari Massawe. Nikamweleza alama ile, na kengele nilizozinyamazisha, na kwamba kuanzia kesho nitazitangaza zote, "Dakika tano, daktari!", hata akinikaripia.

"Maneno hayo nayajua," akasema. "Mwenyewe tulimzika mwaka jana."

"Ndiyo, daktari."

"Mbona hukuniambia mapema, Rehema?"

"Nilikuogopa."

"Basi kesho usiniogope. Tutapita pembe nyingine, tuiache ile sehemu ipumzike."

Kesho yake, kabla ya yote, daktari na mimi tulimwambia Bi Tatu ukweli: si sabuni, ni mtambo wetu, na nilipaswa kusema, sikusema. Nikamwomba radhi. Alinitazama juu mpaka chini.

"Maisha yangu yote jikoni," akasema, "nimeunguzwa na mvuke, mafuta, na mkaa. Leo naunguzwa na picha!" Kisha akanishika mkono. "Haya, twende. Ila leo uwe macho."

Nilikuwa macho. Mshipa uliendelea na ukaidi wake, na kengele ikalia. Kidole changu kilinyanyuka, nikakizuia.

"Dakika tano, daktari!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, muuguzi aliruka. Mguu wa daktari ukatoka kwenye pedali. Picha ya mwisho ikabaki kwenye skrini, haikukimbia. Naye Bi Tatu, maana mgonjwa hufanyiwa haya yote akiwa macho, akauliza kutoka chini ya kitambaa:

"Mwanangu, mnahesabu dakika, kwani mnapika?"

"Kama vile, bibi."

"Sasa mnangoja nini? Geuzeni, upande mmoja utaungua."

Habari ya chapati sikuwa nimemsimulia mtu yeyote. Daktari akaugeuza mtambo.