Mjane Mwenye Mume

Shangazi yangu si mjane. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu, sijui wangapi na sijui wako nchi gani, wanaoamini kwamba ni mjane, na wamemwonea huruma.

Ilikuwa likizo fupi, wakati wa mvua. Nafundisha sekondari Tabora mjini, na kila nikipata siku chache naenda kijijini kwa shangazi, ng'ambo ya Isikizya, dada wa baba, ndiye aliyenilea. Safari hii nilikuta basi dogo jeupe limezama kwenye tope nyuma ya kanisa letu la Moravian. Wenyewe walikuwa mzee mmoja mstaafu kutoka Dar na mkewe. Walikuwa wameng'oa viti vyote wakaweka kitanda, jiko la gesi, kabati la vyombo na televisheni ukutani, na juu ya paa sola. Nia yao ilikuwa kufuata njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, wakilala humo humo. Tope letu likawaambia wapumzike.

"Shikamoo mzee," nikamsalimia.

"Marahaba mwalimu. Trekta wameahidi kesho."

Waliahidi kesho kwa siku tatu.

Kijijini kwetu simu ya kupiga inashika kwa kubahatisha, intaneti usiulize. Mzee alijua hilo kabla hajaondoka nyumbani, akajaza diski nzima: filamu za mapigano, tamthilia, mahubiri, na chochote alichokipata kuhusu sehemu anazopita. Mchana mvua ikipungua anafungua mlango mpana wa basi, anageuza televisheni itazame nje, na watu wanakaa kwenye mabenchi ya kanisani chini ya turubai. Nitamsifu kwa hilo. Hakumfukuza mtu.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, akasema ana filamu fupi kuhusu asali ya mkoa wetu. Shangazi alikuwa amekaa mbele na mumewe, mimi nyuma yao. Ikaanza: miombo, moshi, nyuki, muziki wa huzuni. Kisha ukatokea uwanja wa nyumba ninayoijua kuliko kiganja changu, na shangazi amesimama katikati yake, kidole juu, anazungumza.

Watu walipiga kelele za furaha. Shangazi akajifunika mdomo. Kumbe ni wale vijana wenye kamera wa mradi wa mizinga, waliopita wakati wa mavuno, miaka kadhaa nyuma. Walisema watamletea filamu yake. Hawakurudi.

Shangazi alikuwa akizungumza Kinyamwezi, lakini juu ya sauti yake walikuwa wameweka sauti ya binti mmoja, Kiswahili laini, chenye machozi: "Zamani tulikuwa gizani. Hatukujua thamani ya nyuki, tulichoma tu misitu. Wageni walipokuja walitufungua macho. Mume wangu alifariki akaniacha na watoto, lakini leo, mimi mjane, nakula mara mbili kwa siku."

Mume wake akasimama benchini. "Mjane wa nani?"

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Na mimi nilicheka, nakiri. Nikaacha nilipomwona shangazi. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa makini, kwa sababu chini ya ile sauti ya binti sauti yake mwenyewe ilisikika.

"Mwambie arudishe," akaniambia.

Mzee akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya tatu niliyapata maneno yote. Shangazi alikuwa akisema hivi: "Mwambieni huyu kijana aondoe miguu kwenye karanga zangu, nimeshasema tangu asubuhi. Na ule mzinga wenu wa mbao mliotuletea, nyuki wameukataa, umeliwa na mchwa. Asali nachuja tangu nikiwa binti kwa baba yangu. Mnataka kujifunza, kaeni niwafundishe. Hamtaki, tokeni kwenye karanga."

Niliwatafsiria mzee na mkewe. Mwanamke ambaye asali yake watu wanaifuata kutoka Kitete mpaka Tura, wamemtia mdomoni shukrani kwa mzinga ulioliwa na mchwa! Wamemuua mumewe ili picha ipendeze! Na hawakukosea kwa bahati mbaya, maana anayekosea tafsiri hukosea neno, hawezi kukosea maiti.

Mzee akakuna kidevu. "Ni vibaya, mwalimu. Lakini ujumbe wenyewe wa kutunza misitu si mzuri?"

Sikuamini masikio yangu. Kabla sijafungua mdomo nikamkosea adabu mtu wa umri ule, mkewe akamgeukia. "Wangesema mimi ni mjane, na wewe umekaa hapo na shati nililokununulia, ungeuliza habari za ujumbe?"

Mzee akasema, "Samahani, mama," na alikuwa anamwambia shangazi, si mkewe. Kisha akatoa simu. "Tukurekodi upya. Useme mwenyewe, kwa Kiswahili, tuweke kwenye diski."

Shangazi akakataa. "Nilishasema. Maneno yangu yako mle ndani. Wayafunue."

Hapo ndipo nilipomwelewa, nikaona aibu kwamba nami nilikuwa nimeanza kutafuta pembe nzuri ya kumpiga picha. Aseme upya kwa nini? Aliyefanya kosa hakuwa yeye.

Basi tukafanya alivyotaka. Kesho yake filamu ilichezwa tena, na kijiji karibu chote kilikuja. Nilisimama kando ya televisheni na karatasi, na kila mara sauti ya yule binti ilipoanza kulia, nilisoma kwa sauti ya darasani maneno halisi, juu ya sauti yake. Nilipofika kwenye karanga watu walipiga makofi. Mume wa shangazi alidai pale pa "mjane" nisome pia kwamba yeye yupo na ana afya, ingawa shangazi hakuwa amelisema. Nilisoma.

Trekta lilikuja. Mke wa mzee aliondoka na nakala ya karatasi, na baadaye alinipigia kutoka Kigoma kunieleza kwamba kila walipoifungua ile filamu njiani aliisoma yeye.

Mimi niliporudi mjini, kwenye mtandao, niliwaandikia watengenezaji kwa anwani iliyokuwa mwishoni mwa filamu. Walijibu baada ya wiki mbili: wanashukuru kwa maoni yangu. Maoni! Nikapiga simu. Kijana mpole akapokea.

"Dada, tulirahisisha tu. Watazamaji wa mbali wanahitaji kitu kinachowagusa."

"Mume wake yuko hai."

"Tumelipokea hilo."

Filamu bado iko vilevile mtandaoni. Nimeangalia wiki hii.

Mwezi uliopita walifika wageni wengine kwa shangazi, na kamera yao. Aliwakaribisha, akawapa maji na viazi vitamu, kisha akawaambia hatafungua mdomo mpaka mimi nifike nisikilize, na nisome watakachoandika. Alinipigia nikiwa darasani. Nilimaliza vipindi vyangu, nikatafuta bodaboda, nikafika jioni nimejaa vumbi. Walikuwa bado wamekaa uani kwa adabu, mmoja wao anamsaidia kumenya karanga.

"Haya," shangazi akasema. "Sasa ulizeni."