Mawese kwa Mizani ya Dhahabu

Wakati wa vita kila nyumba ya Butembo ilikuwa na adui wake. Sisi, juu ya askari, tulikuwa na kifafa. Kilimshika binti yangu wa kwanza sokoni, mtoni, hata kanisani padri akiwa ameinua kikombe. Akianguka, mtaa mzima wa Kimemi ulikuja kutazama, na nadhani hata mbuzi walikuja.

Asubuhi moja aliangukia shuleni, bendera ikipandishwa. Direkta wa shule, mtu mpole aliyeletwa na Serikali kutoka mkoa wa mbali, alimrudisha nyumbani yeye mwenyewe, amemshika mkono.

“Mama, mimi napenda huyu mutoto,” aliniambia. “Mais lakini wazazi banalalamika. Banasema povu yake itaambukiza batoto yabo.”

“Kifafa haiambukizaka, Direkta.”

“Mimi najua. Wao hapana kujua. Arudi siku ataweza kusimama mpaka bendera ifike juu.”

Nilikuwa nimesoma masomo ya jioni mpaka diploma, tumbo langu la mimba likiwa kubwa kuliko dawati, na sikukosa neno hata mbele ya wakaguzi. Siku ile nilipokea tu mkono wa mtoto. Binti yangu alivua sare, akaikunja, akaiweka chini ya mto wake. Akawa anasikiliza kengele ya shule kutoka uani.

Vidonge vilimsaidia kidogo, na vita ilipofunga barabara za mbali, hata hicho kidogo kikapotea madukani. Nikasikia kwamba mjini Beni kuna daktari wa watoto, Mkasai, yaani mtu wa Kasai. Nikamfunga mtoto mgongoni, ingawa miguu yake ilikuwa inakaribia kuburuza chini, nikapanda lori. Vizuizi vya askari njiani vilikuwa vingi kuliko miti.

Daktari alimpima, akauliza maswali mengi kuliko padri kwenye kitubio. Mwisho akaniuliza mimi nafanya kazi gani.

“Nauza mawese, Docteur.”

Akacheka mpaka miwani ikamwanguka. “Donc, basi, nusu ya dawa iko kwako!”

Akanieleza. Ubongo hufanya kazi kwa sukari, na bukari, yaani ugali wetu, viazi, ndizi, mchele, vyote tumboni hugeuka sukari. Mtoto akinyimwa hivyo na kupewa mafuta mengi, mwili huanza kuchoma mafuta, na kwa watoto wengine kifafa hutulia. “Si kwa wote,” alisema. “Na usijaribu peke yako. Atalala hapa kwanza, tutapima mukojo yake, tutamupa vitamini. Nyumbani, kila kitu anakula, unapima. Kila kitu, mama.”

Nikaelewa vizuri sana. Mtoto wangu alikuwa gari la petroli, na Mkasai huyu alitaka kumgeuza lori la mazutu, yaani la dizeli.

Baada ya kulazwa tulirudi Butembo. Kupima, sawa, lakini kwa mizani gani? Ile ya soko letu ilizoea magunia. Ukiiwekea kijiko cha sombe, yale majani ya muhogo, haikohoi. Nikamwendea kaka yangu, mnunuzi wa dhahabu, ambaye mizani yake ndogo huhisi hata pumzi.

“Dada, unataka kupima sombe na mizani ya dhahabu?”

“Ndiyo. Mujomba wa mutoto akikataa, nitapima na macho, na akianguka nitakuita umuinue.”

Hakukataa. Ila alihitaji mizani kazini, kwa hiyo nilikwenda kupimia dukani kwake. Wachimbaji waliotoka machimbo ya Lubero nzima, na dhahabu mfukoni, walipanga mstari nyuma ya bakuli langu. Mmoja alinong'ona kwamba huenda bei ya sombe imepanda.

Basi mtoto akaanza kula kama mke wa gavana: mayai yanayoogelea katika mawese, avoka, ngozi ya nguruwe, samaki wa ziwani, na sombe kidogo, kama ya kuonja. Juu yake kijiko cha mafuta, akifumba macho. Wiki za kwanza alilia bukari. Kisha siku ikapita bila kuanguka. Ikapita nyingine. Nilitembea kwa vidole nyumbani, kana kwamba kifafa kimelala na nitakiamsha.

Halafu alasiri moja nikarudi kutoka sokoni nikamkuta chini, anatetemeka vibaya kuliko zamani. Alipotulia na kusinzia nilikagua kila chungu. Mama mkwe wangu, ambaye sisi wote tunamwita Koko, alikuwa amekaa karibu na jiko, ametulia kabisa.

“Koko, mutoto alikula nini?”

“Chakula? Hapana hata kidogo! Naapa mbele ya Bikira, bukari haikupita mu kinywa yake.”

“Na kitu ingine?”

“Kitu ingine gani? Alikunywa tu buyi. Ya mutama, na sukari kidogo, juu ya hii baridi.”

Ni lazima mtu awe wa kwetu ili aelewe kwamba Koko hakudanganya. Kwetu chakula ni bukari. Ukila kuku mzima bila bukari, jioni utasema hujala. Na uji, yaani buyi, hunywewa. Kitu kinachonywewa kitakuwaje chakula? Alikuwa ameilinda ile bukari kama ghala la silaha, huku akipitisha sukari kwenye kikombe.

Nikakaa kando yake. “Koko, buyi ni unga na maji na moto. Bukari ni nini?”

Akatafakari. Akatazama sufuria. Akashika kichwa. “Aaa! Kumbe ni ndugu yake!”

Kuanzia siku hiyo Beni na Butembo hazikuwa na jenerali kama Koko. Ndizi haikupita, wala muwa, wala pipi ya mgeni. Shangazi wa mtoto alipotoka kijijini Masereka na gunia la viazi, Koko alimsimamisha mlangoni. “Wasingya, asante mwanangu, viazi tunapokea. Mais visionane na huyu mutoto.”

Na mtoto akatulia tena. Zamani alikula peke yake, kwa sahani yake, kwa sababu ya lile povu. Sasa binamu zake walimzunguka kama paka. Mmoja wao, msichana mnene wa kaka yangu, alijiangusha uani, akageuza macho, akarusha miguu. Nilikuja mbio. Akafungua jicho moja.

“Sasa mayai yangu iko wapi?”

“Inuka!” Koko alipiga kelele. “Kifafa haiombaka mayai!”

Tulicheka mpaka majirani wakaja. Na jioni ile wote walikula kwenye mkeka mmoja, wao na bukari yao, yeye na ngozi yake ya nguruwe, wakimbembeleza kama askofu. Hakuna aliyekumbuka povu.

Tulirudi Beni kupimwa mara nyingi, na mara ya mwisho daktari alisema, “Mupeleke kwenye masomo.”

Jumatatu nilisimama nje ya ua wa shule na Koko na rozari yake. Binti yangu alisimama mstari wa mbele. Wimbo ukaanza, bendera ikaanza kupanda. Katikati ya mlingoti, kamba ikakwama.

Direkta akavuta. Mwalimu akavuta. Jua likatuchoma. Watoto walirudia wimbo kutoka mwanzo, na mimi nilishika fito za ua mpaka nadhani alama za vidole vyangu ziko pale hadi leo. Bega la binti yangu lilitikisika. Koko akaacha kusali. Lakini mtoto alikuwa anafukuza nzi tu.

Kamba ikaachia. Bendera ikafika juu, na Koko akapiga vigelegele kwa nguvu hata askari wa ng'ambo ya barabara wakashika bunduki.

Direkta hakuitazama bendera. Alimtazama binti yangu, kisha akanigeukia, akavua kofia.

“Mama, imefika.”

Nilitaka kumjibu kwa Kifaransa safi cha masomo ya jioni, lakini nililia kwa Kinande chetu. Binti yangu hakutungoja. Alikuwa ameshaingia darasani, anagombea dawati la mbele.