Tanuru la Mwisho Walilompa Mama

Watu wakisikia kwamba mama yangu alichoma matofali kule Ruashi, pembeni mwa mji wetu wa shaba, mpaka akaitwa bibi na vitukuu, wananipa pole. Pole ya nini? Wanadhani sisi watoto wake tulimtupa, tukamwacha ahangaike na udongo. Nikiwaambia alikuwa fundi kuwashinda vijana wote wa mtaa ule, wanacheka kidogo, kwa adabu, jinsi watu wazima wanavyomchekea mtoto anayesema atakuwa rubani. Kicheko hicho nimekichoka. Leo nitasema yaliyotokea, pamoja na sehemu yangu mimi, ambayo sijamwambia hata mume wangu.

Baba alikuwa mtu wa reli. Alipofariki, nyumba ya kazi alipewa mfanyakazi mwingine, na mama akaomba kiwanja Ruashi, wakati huo majani matupu. Wengine walitaka viwanja vilivyo wazi. Yeye alichagua kile ambacho kila mtu alikikimbia, chenye kichuguu kirefu kuliko nyumba katikati yake. Walimwona hana akili. Lakini udongo wa kichuguu ni laini, hauna jiwe hata moja, na mama alijua hilo tangu utotoni kaskazini, kwenye misheni, ambako baba yake alikuwa mchoma matofali. Mama aliwachotea maji wachomaji mpaka akawazoea, kisha akaijua kazi yao kuwapita. Alikuwa amevuka hamsini alipoanza kukila kichuguu chake kwa jembe. Akajijengea vyumba viwili. Majirani wakaja kununua, na kabla ya miaka kumi nusu ya barabara ile ilikuwa imesimama kwa matofali yake.

Hapo ndipo walipoanza kumwambia amezeeka.

Walianza wa nje. Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya mtaa ambayo chama kilitulazimisha wote, mkuu wa seli yetu ya mtaa alimletea kiti, akamwita mwananchi kwa Kifaransa cha chama. "Mama sitwayene, weye kaa kwenye kivuli. Hii iko kazi ya bijana." Vijana wenyewe walikuwa wanajenga ukuta wa zahanati, wanakoroga udongo kwa maji mengi hata ukawa uji. Mama aliwaambia utaanguka. Wakamcheka. Jumatatu ukuta ukalala chini, na hakuna aliyekuja kumwomba msamaha, wala aliyesema kwamba mzee alikuwa sahihi. Walisema ni mvua.

Kisha likaja neno baya zaidi. Mke wa kaka yangu mkubwa alikuwa na mtoto anayeugua homa kila mara, na siku moja alisema, mbele yangu, bila hata kushusha sauti, kwamba haiwezekani mwanamke wa umri ule abebe ndoo mbili za maji bila kupumzika, nguvu hizo lazima anazitoa kwa mtu. Kwetu maneno hayo si mzaha. Mzee akiwa dhaifu ni mzigo, akiwa na nguvu ni mchawi. Niambieni basi, mzee awe vipi ndipo mumwache aishi? Nilipaswa kumuuliza wifi yangu swali hilo siku ile ile. Badala yake niliendelea kuchambua sombe, yale majani ya muhogo.

Kaka yangu huyo mkubwa, ambaye kwa ukubwa wake sote tulimwita yaya, aliitisha kikao nyumbani kwake, komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu huo huo, Jumapili baada ya misa. Alivaa abakosti yake ya kijivu, ile suti isiyo na tai, amefunga vifungo mpaka shingoni, joto lote lile. Mjomba, mdogo wake mama, alipanda gari la moshi kutoka Kamina ili aje kusimama upande wa dada yake. Kumbe alikuwa ameshasimama upande mwingine.

"Mama, siye tunaona unachoka," yaya alisema. "Bantu banatusema. Banasema tunakuacha ufanye kazi ya bijana. Kuja ukae kwangu. Chumba iko, kitanda iko. Utakula, utalala, utasali rozari yako."

"Na kisha?" mama aliuliza.

"Kisha nini?"

"Kisha kula, kulala na kusali. Kisha nini?"

Mjomba akakohoa. "Dada, uzee ni uzee. Hata miye nasikia magoti."

"Weye nilikubeba mugongoni," mama alimwambia. "Magoti yako yalikuwa mabovu tangu wakati ule."

Watoto walicheka, wakafukuzwa nje. Lakini mama aliona kwamba shauri limeshakatwa bila yeye. Alinyoosha kitenge chake juu ya magoti, akasema atachoma tanuru moja, peke yake, matofali elfu nne. Yakitoka mazuri, watamwacha kwake Ruashi na asisikie tena habari ya chumba. Yakitoka mabaya, atafunga mizigo siku hiyo hiyo. Mjomba akakubali kuwa shahidi. Yaya akakubali upesi mno. Wiki ile ile, kabla udongo haujakandwa, wifi yangu alianza kukipaka chumba rangi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila jioni nikitoka darasani nilikwenda Ruashi kumsaidia kuchota maji, maana hilo tu ndilo aliloruhusu. Alikanda udongo kwa miguu, akamimina kwenye kisanduku cha mbao, akapindua, akarudia. Mwezi wa tisa ulipita hivyo, na sehemu ya mwezi wa kumi. Alipanga matofali yaliyokauka akaacha midomo minne chini ya kuwashia kuni, akayafunika yote kwa udongo. Akalisha moto siku tatu. Aliposimama kwenye ngazi akaona kilele kimezama kiasi cha kiganja, aliiziba midomo, na kazi ya mikono ikaisha. Ikabaki kazi ya kungoja. Tanuru lililozibwa haliguswi siku tisa. Kila mara, siku ya tisa, mama alikuwa akilaza shavu lake kwenye ukuta wa tanuru, si mkono, maana alisema mikono ya mtu wa kazi haisikii kitu. Shavu likikataa kwa joto, tunangoja tena.

Siku ya nne kulikuwa na kilio mtaa wa Katuba, rafiki yake wa miaka mingi amefiwa na mume, na mtu hakosi kwenda kilioni. Mama aliondoka asubuhi. Ilikuwa siku ya mapumziko ya shule, basi akaniachia tanuru.

"Kaa hapa. Muntu asiguse."

Saa nane mchana yaya aliingia uani akitoka kazini. Kazi yake ilikuwa kwenye matanuru ya shaba, miaka kumi na minane, na alikuwa msimamizi, watu walimheshimu. Alizunguka tanuru la mama mara mbili, akatazama juu, akatazama mawingu upande wa magharibi.

"Moshi hakuna. Hii moto imekufa."

"Mama amesema siku tisa," nilimwambia.

"Mama anajua moto ya kuni. Miye niko ndani ya moto kila siku. Mvua ikikuta hii kintu ingali na joto, itapasua yote. Tuifungulie upepo, ipoe mbio. Tunamusaidia."

Hilo ndilo kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu aliyezoea shaba. Shaba unaweza kuipoza kwa maji ukaona inakaa vizuri. Tofali ukilipa hewa baridi likiwa moto linapasuka moyoni, na kwa nje huoni kitu zaidi ya ufa mwembamba kama unywele. Nilimwambia mara nyingine kwamba mama amekataza. Mara mbili nilisema, nazihesabu mpaka leo. Kisha nikaingia jikoni kusonga bukari, ugali wetu, nikamwachia sepetu. Akafungua midomo miwili ya magharibi. Baada ya saa moja upepo ukaja, na mvua ya kwanza ya msimu nyuma yake, akakimbilia kuiziba tena kwa udongo alioukoroga hapo hapo, abakosti imechafuka mpaka kwenye makwapa.

"Usimwambie," alisema akinawa. "Atasumbuka bure. Roho yake iko ya kizee sasa."

Nikakubali. Nilijiambia kwamba nalinda moyo wa mama.

Siku ya tisa walikuja wote. Mjomba na fimbo yake, yaya na mkewe, majirani waliosikia kwamba mama muzee anapimwa. Anapimwa! Wanaume wangapi wa mtaa ule, wavivu wa kutupwa, waliwahi kupimwa mbele ya majirani ili waruhusiwe kulala kwenye nyumba zao wenyewe? Mama alilaza shavu kwenye ukuta, akakaa hivyo kitambo, akaanza kufungua kutoka mashariki. Alichukua matofali mawili akayagonganisha, yakalia vizuri, sauti kavu. Akatoa mengine, yakalia. Mjomba akaanza kutabasamu. Alipofika magharibi, tofali la kwanza lilitoa sauti ya mti mbovu. La pili likagawanyika mkononi mwake. Upande ule wote ulikuwa vivyo hivyo.

"Ni uzee," alisema wifi yangu. "Alisahau kuziba muzuri."

Jirani mmoja alinong'ona kitu, na mwenzake akajifanya anapiga chafya. Yaya alikuwa anatazama viatu vyake.

"Dada," mjomba alisema polepole, "umeona weye mwenyewe. Tulisikilizana."

Mama alichuchumaa mbele ya mdomo mmoja wa magharibi. Alikwangua udongo uliouziba kwa ukucha, akausugua katikati ya vidole, akainuka. Aliingia ndani, na kupitia mlango tulimwona akitandika kitenge sakafuni, akiweka nguo zake mbili tatu, sufuria ndogo, picha ya baba, kisanduku chake cha kufinyangia. Akafunga mafundo manne. Akatoka na mzigo kichwani.

Mimi nilimtazama yaya. Nilimngoja. Nilisema moyoni, sasa atasema, hana budi kusema, huyu ni mama yake. Badala yake alisogea mbele akampokea mzigo. Alimpokea mzigo, akamwambia, "Pole, mama."

Hasira niliyoisikia wakati ule sijawahi kuisikia tena. Mbele ya mjomba, mbele ya majirani, mimi mtoto wa mwisho ambaye kwenye kikao sikupewa hata nafasi ya kusema ndiyo, nilipaza sauti.

"Ni yaya alifungua. Siku ya kilio. Nilikuwa hapa, nilimuona. Alifungua midomo miwili, mvua ikaingia."

Wifi yangu alisema mimi ni mwongo, kisha akamtazama mumewe usoni, akarudi nyuma. Yaya aliuweka mzigo chini. "Nilitaka kusaidia," alisema, na nadhani alisema kweli, na hiyo ndiyo inayonikera zaidi. Msaada wao wote ulikuwa hivyo. Mjomba alitafuta tofali la kukalia, akakaa. Aliomba maji.

"Dada," alisema alipokwisha kunywa, "basi maneno imeisha. Tanuru yako ilikuwa muzuri. Kaa kwako."

Nilidhani mama atanishukuru. Niseme ukweli, nilikuwa naingoja ile shukrani, nimesimama pale kifua mbele.

Alinigeukia. "Nilijua tangu jioni ile nilitoka ku kilio," alisema. "Udongo yangu ya kuziba naitia majivu. Ile haikuwa na majivu. Leo nimeigusa tu ili nione kama muko na haya."

"Sasa juu ya nini haukusema?" mjomba aliuliza.

"Nilingojea yule niliachia ulinzi aniambie." Hakumtazama mjomba, alinitazama mimi. "Siku tano nilingojea. Yaya yako iko mujinga, alifikiri anajua moto. Weye ulijua. Kila jioni ulikuja, ulileta maji, ulikula bukari yangu, ukanyamaza. Weye pia ulitaka nifunge mizigo."

Kwenye kabati langu nyumbani kulikuwa na pazia jipya la maua mekundu, nililolinunua mwenyewe, nikalipima mwenyewe kwa dirisha la kile chumba cha yaya. Nilikuwa nimechoka na safari za Ruashi. Nilikuwa nimechoka kuulizwa shuleni kama ni kweli mama yangu anakanyaga udongo. Nilimpenda, na nilitaka akae mahali nisipolazimika kumfikiria.

Mama aliishi pale miaka kumi na minne mingine. Aliongeza vyumba viwili na baraza, na yale matofali mabovu akayatandaza uani wote, hakutupa hata moja. Kila kiangazi alichoma tanuru. Alimsamehe yaya kabla wiki haijaisha, hata wakawa wanataniana, naye akawa analeta watoto wake kukanda udongo, yule wa homa akiwa wa kwanza kuvua viatu. Mimi pia nilikwenda. Alinipikia, aliwabeba watoto wangu, aliniombea nilipolazwa. Lakini kila mwaka, ikifika jioni ya kuziba midomo ya tanuru, aliziba mitatu, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaniambia jua linashuka, rudi kwako. Na alisimama pale na udongo mkononi, ananingoja nitoke barabarani, ndipo alipoziba wa nne.