Nilichimba msingi Kabondo, nikapata babu wa binadamu wote. Sasa sina pa kujenga

Wakuu, salamu kutoka Kisangani.

Jambo hili limenigharimu mbuzi wawili, gunia la mchele na chumba cha mama yangu. Nimehesabu mara mbili, hasara haipungui. Sitaongeza chumvi, nayo iliisha.

Mama alikuwa Kindu, miguu inamsumbua. Nikaamua kumjengea chumba uani kwangu ili aje akae nasi. Fundi alipofika kina cha goti, jembe likagonga mfupa. Taya la chini, jeusi, zito.

Nikahesabu meno: kumi na sita. Nikahesabu ya kwangu ya chini kwa ulimi: kumi na sita. Nikarudia yote. Bon, huyu ni mtu. Yale mawili marefu ya pembeni nikayaelewa. Zamani visu havikuwapo.

Nilishasoma kwenye simu kwamba mifupa ya watu wa kwanza inatafutwa Afrika nzima, tena kwa brashi. Nikaweka picha humu. Mmoja wenu akaniandikia: usishuke chini ya dola elfu. (Mkuu, kama unasoma, nusu ya gharama ya mbuzi ni yako.)

Nikamwita mnunuzi wa vinyago kutoka Simi-Simi. Akatoa dola hamsini.

Tukabishana mlangoni mbele ya avenue nzima, majirani wote wa mtaa. Ndiyo desturi yangu, mashahidi husaidia bei. Kwenye hamsini nikamwambia mfupa una miaka elfu kumi. Akafika sitini, nikafika laki. Sabini, nikapanda milioni.

"Papa, miaka yako inakimbia kuliko dola zangu."

"Tonton, huyu ni babu wa watu wote. Wangu, wako, wa kila anayepita hapa."

Hapo ndipo nilipokosea.

Mama Feza, jirani asiyekosa msiba hata mmoja, akatua beseni. "Donc huyu iko babu yetu bote?"

"Wetu wote, mama."

"Alors matanga yake iko wapi? Unauzisha mufu na hatujamulilia?"

Kwa wasiojua: kwetu mwenye kiwanja ndiye mwenye msiba, na mwenye msiba ndiye anayelisha waombolezaji. Ningekataa, ningekuwa nimemtupa babu wa avenue nzima.

Mnunuzi akarudisha dola mfukoni. "Mimi nanunua vitu vya zamani. Sinunui maiti yenye familia." Kisha akaketi, akangoja chakula.

Turubai likafungwa. Ukazuka ubishi: babu alikuwa Mwislamu au Mkristo? Kwa kuwa hakuna aliyejua, sheikh akaja asubuhi, pasteur alasiri, mbuzi mmoja kila upande. Familia moja ilipanda mtumbwi kutoka Yanonge. Walisema meno yale ni ya mjomba wao kabisa.

Waombolezaji walikuwa tisini na wawili. Nilipohesabu tena, mia na wanne. Wali ulikuwa umeiva.

Siku ya tatu akaja mwalimu wa biolojia. Akageuza taya, akanionyesha alama ya panga.

"Kabla yako kiwanja kilikuwa cha nani?"

"Mama mmoja, alikuwa na malewa hapa. Watu wakija kula."

"Basi huyu ni sokomutu, papa. Alipikwa."

"Lakini meno ni kumi na sita."

"Sokwe naye anayo kumi na sita. Ungeangalia urefu, siyo hesabu."

Nikawatazama waombolezaji nikitumaini aibu. Mama Feza akajifuta mdomo. "Professeur, sisi tumekwisha kulia. Machozi hairudi ndani."

Babu akazikwa alipotoka, yaani kwenye msingi wangu. Wakristo wameweka msalaba, Waislamu jiwe. Chef wa avenue ametamka kwamba hakuna kujenga juu ya kaburi.

Mama amefika wiki jana. Analala sebuleni, kati ya kabati na pikipiki. Jana alijikongoja hadi uani, akauliza kaburi ni la nani. Nikasema la babu.

"Upande gani?"

Nikasema upande wa baba. Akapiga magoti, kwa miguu ile ile, akaomba kwa muda mrefu. Ilibidi tumwinue watu wawili.

Somo nililopata: ukiuza kitu, usikifanye kuwa cha watu wote.

Sasa nipeni mawazo. Nikifukua, nitamwambia mama nini? Nikinyamaza, atalala na pikipiki hadi lini? Aliyewahi kuhamisha kaburi la mtu asiyekuwa mtu aniandikie upesi, maana leo asubuhi mama ameniuliza chokaa ya kupaka kaburi inauzwa wapi.