Goti la Dada Kabla ya Ukweni

Mgeni wa kwanza niliyewahi kumwongoza kilimani ni dada yangu, na nilimrudisha nyumbani anachechemea.

Ndoto yangu mie ni kutembeza watu milimani. Kilimanjaro naionaga kwenye picha tu, lakini vilima vya Pugu, huku nyuma ya kwetu Ukonga, navijua kama uani. Jumamosi ile dada akakubali kuja ili nijizoeze. Goti lake la kushoto lilikuwa limeumia alipoanguka na bodaboda. Daktari wa mazoezi alimruhusu kutembea kwa masharti, na mie nilikuwepo nikisikia: afunge bandeji, ashike fimbo, apumzike kabla goti halijaanza kulalamika.

"Na kushuka ndiko kubaya kuliko kupanda," alisema yule daktari. "Shukeni kwa njia isiyo na mteremko mkali."

Kupanda tulienda vizuri mno. Fimbo nilimchongea mwenyewe. Kila penye kivuli alikaa, akanyoosha mguu juu ya begi langu, tukala maandazi. Kesho yake alikuwa anakwenda Kimara kutambulishwa kwa mama wa mchumba wake. Watu wa bara wale. Kwao mkwe hasalimii wima, anapiga goti. Kule juu akajaribu: akashuka polepole, akainuka bila kushikwa.

"Umeona? Hili ndo goti la mkwe," akacheka. "Shikamoo mama!"

"Marahaba. Huyu mbona mzee hivi?" nikaigiza sauti ya mama mkwe.

Akanirushia andazi.

Njia za kushuka zilikuwa mbili: barabara ya gari, ndefu, inayozunguka, na kinjia cha mkato chenye changarawe. Chini yetu likapita kundi la watembea milima, mabegi mgongoni, kiongozi wao mbele na kofia pana. Nilitaka kumuwahi yule kiongozi, nimwombe kazi.

"Dada, tukate hapa."

Akaitazama changarawe, akanitazama mie. "Wewe ndo bosi leo."

Katikati ya mteremko fimbo ikateleza, mguu ukajipinda. Alikaa chini, akalishika goti kwa mikono miwili, akaniuliza, "Yule kiongozi umemkosa?"

Jioni goti lilikuwa limejaa kama embe dodo. Nilimkanda kwa barafu za ukwaju anazouza jirani, chumba kizima kikanukia ukwaju, naye ananiambia nisilie, nitamharibia bandeji.

Kimara nilimsindikiza mie, nikiwa nimebeba kikapu cha matunda. Alipofika mbele ya mama mkwe akaanza kushuka. Goti likakataa nusu ya njia. Akashika kiti.

"Shikamoo mama. Nisamehe, jana niliteleza bafuni."

Mama yule akainuka haraka, akamshika kiwiko, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Kisha akanigeukia.

"Na wewe kaka mtu, dada yako anateleza bafuni unaangalia tu? Hata kimkeka cha mpira?"

Kikapu kilikuwa kizito ghafla. Ukweli ulinifika mdomoni, lakini dada akanikazia macho.

"Nitaweka, mama," nikasema.

Nimeweka. Sakafu ya bafu letu ni saruji ya kukwaruza, hata ukimwaga sabuni huwezi kuteleza. Dada kila akiuona ule mkeka anacheka. Mie naukanyaga kila asubuhi.